Nani alikuja kwanza? Historia ya kale ya nchi ya Kisale



Katika vikao vya familia zilizokimbia na machifu wa vijiji, neno moja hurudi mara kwa mara: "Nchi hii ina wenyewe." Hulisikia mtu anapoomba shamba, anapoteka maji, na lenye kuumiza zaidi, anapotafuta mahali pa kuzika. Anayelisema hutaja historia. Basi tumeona vema kueleza historia ya kale ya upande wetu wa Haut-Lomami inasema nini.

Tuanze na neno ustaarabu. Shuleni wengi wetu tulifundishwa kwamba ustaarabu ulianza Mesopotamia na Misri, zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, palipokuwa na miji, wafalme na maandishi. Ni kweli kwamba maandishi ya kale yanayojulikana yalitokea huko. Lakini wakoloni walikifanya kipimo hicho kuwa fimbo. Mwaka 1948 serikali ya Ubelgiji ilianza kutoa kadi ya sifa kwa Wakongo walioonekana "wameendelea", na mwaka 1952 ikaongeza cheti kikubwa zaidi. Aliyekiomba alikaguliwa mpaka nyumbani kwake. Mtu aliyepimwa hivyo huanza kumpima jirani yake: huyu mstaarabu, yule wa porini. Katika jimbo jirani la Tanganyika, dharau ya namna hiyo kwa Batwa ilikuwa mojawapo ya mizizi ya mapigano kati yao na Waluba, yaliyofukuza watu wengi kuanzia mwaka 2013 na kuwaka tena mwaka 2016 na 2017.

Sasa twende Kisale. Asafiriye kwa gari-moshi kutoka Kamina kwenda Lubumbashi huvuka mto Lualaba pale Bukama. Ukiufuata mto huo kuelekea kaskazini utafika kwenye mabwawa na maziwa, na Ziwa Kisale ni mojawapo. Mahali paitwapo Sanga, Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba makaburi ya kale mwaka 1957 na 1958. Pierre de Maret aliendelea na kazi hiyo miaka ya 1970, Sanga na kwingineko bondeni.

Waliyoyakuta yangemshangaza mkaguzi wa kadi. Watu wamekaa katika bonde hilo zaidi ya miaka 1,000 bila kuliacha. Walivua samaki, walilima, walifua chuma. Kufikia karibu mwaka 1000 walifinyanga vyungu vizuri sana na kuwazika wafu wao pamoja navyo. Hata watoto waliwekewa vyungu vyao, vidogo, vya kuwatosha. Mzazi yeyote aliyezika mtoto njiani wakati wa vita ataelewa jambo hilo bila kufafanuliwa na mtaalamu.

Katika makaburi hayo kuna mapambo ya shaba, na shaba haichimbwi Kisale. Ilitoka kusini, kwenye nchi ya migodi, safari ya siku nyingi kwa miguu. Tangu karne ya 14 hivi kunaonekana vipande vya shaba vya umbo la msalaba. Baadaye vikawa vidogo na vya kulingana, hata wataalamu wanaona vilitumika kama fedha. Kuna pia simbi, wale kauri wa Bahari ya Hindi, ambayo ni zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Kabla ya Mzungu yeyote kufika, mvuvi wa Kisale aliishi kwa kupokezana vitu na watu ambao hakuwajua hata lugha yao.

Hatutaki kupamba mambo. Huko Katoto, katika bonde hilohilo, kuna kaburi la mwanamume mwenye alama za ukubwa aliyezikwa pamoja na wanawake na watoto. Inaelekea hawakufa kwa ugonjwa. Ukubwa ulikuwa na gharama yake, na waliolipa walikuwa wanyonge.

Na ufalme wenyewe? Wazee wa Kiluba husimulia kwamba Nkongolo alitawala kwa ukatili, mpaka akafika mwindaji kutoka mashariki, Mbidi Kiluwe, mtu wa adabu, asiyekula mbele za watu. Alizaa na dada wa Nkongolo, na mwana wao, Kalala Ilunga, ndiye aliyeanzisha bulopwe, yaani ufalme mtakatifu. Si lazima kila neno la hadithi hiyo liwe tukio lililotokea. Lakini angalieni: Waluba walipotaka kueleza heshima yao ilitoka wapi, walisema ililetwa na mgeni, ikapita kwa mama mwenyeji.

Upande wa dini, Waluba walimjua Muumba, na waliwajua bavidye, roho wanaokaa kwenye maziwa, vilima na chemchemi. Mfalme alipofariki, makao yake hayakubomolewa. Mwanamke aitwaye mwadi alikaa hapo kama mwenye roho ya mfalme, na watu walimwendea kwa heshima. Ndiyo sababu sisi, tunaoabudu leo makanisani au msikitini, tunawaomba wageni waulize kabla ya kulima penye kilima au chemchemi. Mara nyingi ugomvi huanzia hapo, bila mtu yeyote kukusudia ubaya.

Kumbukumbu za ufalme zilitunzwa na chama cha Mbudye kwa kibao kiitwacho lukasa, chenye shanga na simbi. Msomaji alikipapasa kwa kidole huku akisimulia wafalme, safari na mahali patakatifu. Kibao kimoja kiliweza kusimuliwa kwa namna zaidi ya moja, kulingana na msomaji na waliomsikiliza. Mwishoni mwa karne ya 19, ukoo wa kifalme ulipogombea urithi na kugawanyika kati ya Kasongo Niembo na Kabongo, kila upande ulikuwa na haki yake ya kusimulia.

Kwa hiyo, machifu wetu, kabla ya kupima mashamba, alikeni mzee mmoja wa kiume na mmoja wa kike kutoka kila ukoo, hata ule uliofika juzi, wasimulie walikotoka. Asikatizwe mtu. Kikao hicho huchukua siku nzima, basi chakula kiandaliwe mapema.