Skrini iliyoachwa wazi ofisini

Mfanyakazi anatoka kupokea simu inje, orodha ya mishahara inabaki kwenye skrini mbele ya wageni. Goma au Bukavu, nani hajaona hilo?

Kwenye kompyuta za Linux, XScreenSaver, programu ya Jamie Zawinski tangu 1992, inafunika skrini baada ya dakika 10 bila kuguswa. Lakini kwa asili yake haiombi neno la siri: ukigusa tu panya, mishahara inarudi. Pambo, si kufuli.

Kwenye Debian, msimamizi anaandika «*lock: True» katika faili /etc/X11/app-defaults/XScreenSaver, na watumiaji wapya wote wanaanza na kufuli. Aliyekwisha kuwa na faili yake .xscreensaver anabaki na mpango wake wa zamani. Huyo, msimamizi atamufuata mezani kwake.