Chujio la tangi la samaki: usilioshe mpaka ling'ae

Maji ya tangi yanaweza kung'aa kama kioo na samaki wakafa humo humo. Mwenye tangi anashangaa: "Mbona chujio nimeliosha juzi tu?" Mara nyingi jibu liko hapo hapo, kwenye kuosha.

Tuanze na samaki mwenyewe. Anatoa amonia, sehemu kubwa kupitia matamvua. Kinyesi na chakula kilichobaki vikioza vinaongeza nyingine. Amonia ni sumu na haina rangi, kwa hiyo kwa macho huioni. Ziwani inatawanyika kwenye maji mengi. Kwenye tangi la lita 60, itaenda wapi?

Wanaoiondoa ni bakteria. Kundi la kwanza linageuza amonia kuwa naitraiti, ambayo bado ni sumu. Kundi la pili linageuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki wengi wanaivumilia ikiwa kidogo. Bakteria hawa hujishikiza kwenye sponji na changarawe, na wanahitaji oksijeni. Yaani chujio kazi yake si kunasa uchafu tu, ni nyumba ya bakteria.

Sasa, uchague lipi? Kwa tangi dogo, chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa linatosha: bei nafuu, na halinyonyi vifaranga vya samaki. La kuning'inia nyuma ya tangi linafaa tangi la wastani. Tangi kubwa linahitaji lile la kopo linalokaa nje. Kwa haya mawili yenye pampu ya maji, kadirio la kawaida ni kupitisha maji mara 4 ya ujazo wa tangi kwa saa: lita 60, basi pampu ya lita 240 kwa saa.

Angalia pia unafuga nani. Mbuna wa Ziwa Nyasa wanataka maji yenye pH ya karibu 8. Kwenye nyuzi joto 25, maji ya pH 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya amonia katika hali yake yenye sumu kali. Kwenye pH 8 inafika kama asilimia 5. Amonia ni ile ile, hatari ni karibu mara kumi. Kwa mbuna, chujio dogo ni kamari.

Kulitunza ni hivi:

Sponji ikamulie ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini. Maji ya bomba yana klorini, na klorini imewekwa humo kuua bakteria. Haichagui wako.

Usibadilishe sponji zote siku moja. Badilisha moja, nyingine iache wiki kadhaa.

Tangi jipya lipe wiki 4 hadi 6 bakteria waongezeke, na samaki waingize wachache wachache. Ukiwa na rafiki ambaye samaki wake ni wazima, mwombe kipande cha sponji iliyokwisha tumika. Hiyo ni mbegu.

Umeme ukikatika, chujio la kopo ndilo la kuangalia zaidi. Limefungwa, oksijeni ya ndani inaisha haraka na bakteria wanaanza kufa. Kama umekaa saa nyingi bila umeme, usiliwashe tu ukirudi: mwaga kwanza maji yaliyolala ndani, maana ukiyasukuma tangini unawamiminia samaki sumu. Pampu ndogo ya hewa ya betri ni akiba nzuri.

Na rangi ya kahawia kwenye sponji isikutie aibu. Kama maji yanapita vizuri, iache. Yakianza kupita kwa shida, ndipo uchukue ndoo.