Leseni ya Shilingi 38 kwa Siku: Kijana, Gari la Nyumbani na Bima Isiyomtaja

Leseni ya udereva Tanzania inalipiwa shilingi 70,000 na inadumu miaka mitano. Kwa mwaka ni 14,000, na kwa siku ni kama shilingi 38. Hesabu ya bima ya gari la nyumbani naianzia hapo badala ya kwenye bei ya stika. Katika nyumba yenye gari moja na vijana wawili watatu wanaopokezana usukani, leseni hiyo ndiyo inayoamua kama malaki yaliyolipwa kwa wakala yatafanya kazi siku ya ajali.

Kakese ni kata ya wakulima wa mpunga ndani ya Manispaa ya Mpanda. Gari likiingia katika nyumba ya huko halibaki kuwa la mtu mmoja. Kadi ina jina la baba, lakini asubuhi mtoto wa kiume analipakia magunia kwenda mashineni, mchana binti anamkimbiza shangazi hospitali Mpanda mjini, jioni mpwa anatumwa mbolea. Na barabara wanazopita zinazidi kujaa watu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 564,604 katika mkoa wa Katavi, na ile ya 2022 ikahesabu 1,152,958. Ndani ya miaka kumi wakazi wameongezeka zaidi ya maradufu, na wengi wao wanatembea kwa miguu, kwa baiskeli au kwa bodaboda pembeni mwa magari hayo hayo.

Swali linalowasumbua wazazi ni hili: jina la kijana halimo kwenye karatasi ya bima, sasa akigonga, bima inalipa?

Hofu hiyo ina mizizi katika nchi nyingine. Marekani kampuni za bima hutaka kila mwenye leseni anayeishi nyumbani atajwe, na mzazi anayemwongeza mtoto wa miaka 17 hukuta bei imepanda sana. Uingereza mzazi anayejiandikisha kuwa dereva mkuu huku gari likiendeshwa na mtoto kila siku huhesabiwa kuwa amedanganya, na bima yake inaweza kufutwa. Kwetu mkataba umejengwa kwa namna nyingine. Bima ya kawaida ya gari binafsi inafuata gari. Inamlinda mwenye gari, na pia mtu yeyote anayeliendesha kwa amri au kwa ruhusa yake, mradi sheria inamruhusu mtu huyo kuendesha gari la aina hiyo. Ipo mikataba inayobana madereva kwa majina, na mwenye mkataba wa namna hiyo lazima aufuate, lakini kwa upande wa dereva, wa kawaida unadai mambo mawili tu: ruhusa na leseni.

Ndiyo maana bei ya stika haitofautishi kijana na mzee. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, imeweka viwango vya chini. Kwa gari binafsi bima ndogo, ile ya lazima, ni shilingi 100,000, na ikiongezwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 inakuwa 118,000, awe dereva ana miaka 19 au 59. Bima kubwa ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari. Tuchukue gari dogo lililotumika, lenye thamani ya shilingi milioni 12. Asilimia 3.5 yake ni 420,000, kodi ni 75,600, jumla 495,600. Tofauti kati ya bima ndogo na kubwa kwa gari hilo ni shilingi 377,600 kwa mwaka. Ishike namba hiyo, nitairudia.

Kampuni hazijasahau kwamba ujana una hatari. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka duniani, na kwamba ajali za barabarani ndizo muuaji mkubwa kuliko wote wa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Gharama ya hatari hiyo haimo kwenye stika. Imewekwa kwenye ile sehemu ya hasara ambayo mteja huibeba mwenyewe kabla kampuni haijalipa, na mikataba mingi huiongeza pale dereva anapokuwa chini ya umri fulani, au leseni yake haijafikisha muda fulani. Kifungu hiki kimejificha katika kurasa za ndani, na wanaokisoma kabla ya ajali ni wachache.

Tukipige kwa shilingi. Kijana wa miaka 20 anatoka Kakese kwenda mjini, anaacha barabara na kugonga mti. Fundi anakadiria matengenezo ya milioni 4. Tuseme mkataba unamtaka mteja abebe asilimia 10 ya kila dai, na asilimia 10 nyingine kwa dereva kijana. Viwango hivi ni vya mfano, na vya mkataba wako vimo ndani ya mkataba wako. Baba anatoa 400,000 mara mbili, yaani 800,000, na kampuni inalipa 3,200,000. Hiyo 800,000 ni karibu mara saba ya bei ya bima ndogo. Inauma, lakini nyumba inasimama.

Sasa badilisha kitu kimoja tu: kijana hana leseni. Kampuni inalipa sifuri. Baba anatengeneza gari kwa milioni 4 za mfukoni, na ile 495,600 aliyolipa imekwenda bure, jumla 4,495,600. Kama angekuwa na bima ndogo peke yake, matengenezo ya gari lake yangekuwa juu yake kwa hali zote mbili, kwa sababu bima ndogo hailitengenezi gari la mwenye bima.

Hapa ndipo ile 377,600 inapofaa. Weka leseni 70,000, kisha weka ada ya chuo cha udereva, majaribio na nauli za kwenda na kurudi, hata zote zikifika 300,000. Jumla ni 370,000. Kumfundisha kijana mmoja na kumpatia leseni ya miaka mitano kunagharimu pungufu kidogo ya kile ambacho baba anaongeza kwa mwaka mmoja ili apate bima kubwa. Mzazi anayelipia bima kubwa na kuahirisha leseni ya mtoto amenunua ulinzi wa safari zake mwenyewe tu, na safari nyingi za gari hilo si zake.

Leseni yenyewe inapaswa kuwa ya gari. Vijana wengi walioanza na bodaboda wana leseni ya daraja A, ya pikipiki, nao hujihesabu kuwa na leseni. Wakishika usukani wa gari hawamo ndani ya masharti. Leseni ya kujifunzia nayo ina masharti yake, na anayejifunza akijiendea peke yake mjini hajaruhusiwa na sheria. Aliye chini ya miaka 18 hawezi kabisa kupata leseni ya gari, kwa hiyo hakuna mkataba wa kumsaidia. Kwa aliyekuwa na leseni ikaisha, maneno ya kawaida ya mikataba ya ukanda huu humpa nafuu: hutaja mtu aliyeruhusiwa, au aliyewahi kuruhusiwa na hajafungiwa na mahakama. Nisingemshauri mtu aitegemee nafuu hiyo, maana kuibishania kunachukua muda, na gari linabaki gereji.

Kuna pia suala la abiria, ambalo kwa vijijini naliona zito kuliko yote baada ya leseni. Kijana anashuka mjini na gari tupu, watu sita wanasimamisha njiani, kila mmoja anatoa 2,000. Ni 12,000, hela ya mafuta. Lakini gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi halijakatiwa bima ya kubeba watu kwa nauli. Ajali ikitokea katika safari hiyo, kampuni ina sababu ya kukataa, hata kama kijana ana leseni safi na baba alimpa funguo kwa mkono wake. Kwa 12,000 anaweza kuliweka nje ya bima gari la milioni 12, na abiria sita walio ndani yake.

Hadi hapa tumehesabu mabati. Hesabu kubwa zaidi ni ya mtu aliyegongwa. Bima ya lazima, inayosimamiwa Tanzania na Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, ipo kwa ajili yake. Utaratibu ni kwamba majeruhi anamshtaki aliyemgonga, anapata hukumu, kisha kampuni inawajibika kuilipa hukumu hiyo. Sheria yetu na ya Kenya zimefuata nyayo za sheria za Uingereza za 1930 na 1934, na ya Kenya, Sura ya 405, inaonyesha vizuri mahali mstari ulipochorwa. Kifungu chake cha 16 kinakataza kampuni kumkwepa majeruhi kwa kisingizio cha umri wa dereva, afya yake, ubovu wa gari, idadi ya waliopakiwa, saa au eneo la safari. Ujana wa dereva, basi, si sababu ya kumnyima mtu aliyevunjika mguu. Ila katika orodha hiyo ndefu leseni haimo. Aliyegongwa na dereva asiye na leseni anaweza kukuta mlango umefungwa, na anayebaki mbele yake ni familia ya dereva.

Mwenye gari aliyekuwa nyumbani amelala atajitetea kwamba hakuwa yeye kwenye usukani. Mwaka 1969, katika kesi ya Karisa dhidi ya Solanki, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilifuata kanuni kwamba gari likisababisha madhara kwa uzembe, na hakuna ushahidi wa kinyume, inachukuliwa kuwa liliendeshwa na mtu ambaye mwenye gari anawajibika kwa ajili yake. Mzigo wa kuleta ushahidi uko kwa mwenye gari. Upande wa pili kuna Morgans dhidi ya Launchbury, iliyoamuliwa London mwaka 1972: mke alikuwa na gari, mume akampa rafiki yake aendeshe baada ya pombe, abiria wakaumia. Majaji walikataa kumtwisha mke deni kwa sababu tu lilikuwa gari la familia. Walitaka kuona kwamba dereva alikuwa akifanya kazi ya mwenye gari, kwa kutumwa naye.

Kipimo hicho kikiletwa Kakese, utetezi wa baba unapungua sana, kwa sababu safari ya kijana mara nyingi ni ya kutumwa. Mpunga ni wa baba, mbolea ni ya baba, shangazi ni dada wa baba. Mahakama ikimpa majeruhi fidia ya milioni 20 na kampuni ikiwa na haki ya kukataa, deni linashuka kwenye shamba. Ukiuza gunia la mpunga kwa 100,000, hayo ni magunia 200.

Kwa hiyo siku ya kulipia stika, maswali ya kumuuliza wakala si kama jina la kijana linaweza kuongezwa. Muulize mkataba unamruhusu dereva gani, na kama umebana majina au umri. Muulize shilingi ngapi mteja anabeba dereva akiwa na miaka 20, na ngapi leseni ikiwa na miezi sita. Muulize matumizi yaliyoandikwa ni yapi, hasa kama gari hubeba mzigo wa kuuza au abiria wa nauli, kwa sababu kulipia daraja sahihi la matumizi kunaongeza bei lakini kunaiweka safari ndani ya bima. Akijibu kwa mdomo, mwombe akuonyeshe kifungu chenyewe. Kisha hakiki stika katika mfumo wa TIRA kabla gari halijatoka, maana karatasi peke yake haithibitishi kwamba malipo yalifika.

Nyumba yenye vijana wawili italipa 140,000 kwa leseni zao mbili kwa miaka mitano. Bima kubwa ya gari lile lile la milioni 12, thamani isiposhuka, ni 2,478,000 kwa muda huo huo. Leseni mbili ni chini ya shilingi 6 kwa kila shilingi 100 za bima, na bila hizo 6, zile 100 hazimlindi baba katika safari yoyote ambayo vijana hao wanaendesha.