Je, Dawa za Kolesteroli Zinaharibu Kumbukumbu? Tuyajue Haya Kabla ya Kumwachisha Mzee Dawa



Sifa zote njema zinamstahiki Allaah, Mola wa walimwengu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na Swahaba zake wote. Ama ba'ad:

Swali linalozunguka sana majumbani siku hizi ni hili: "Mzee wetu anakunywa vidonge vya kolesteroli. Sasa ameanza kusahau. Tumeletewa ujumbe kwenye simu kwamba dawa hizi zinakula ubongo. Je, tumwachishe?"

Swali hili si dogo. Tukimwachisha mzee dawa bila ya sababu, huenda tukamfungulia mlango wa kiharusi au mshtuko wa moyo. Na tukimlazimisha dawa inayomdhuru, tutakuwa hatukumtekelezea haki yake. Dini yetu imetuamrisha kuihakikisha habari kabla ya kuifanyia kazi, na habari inayohusu afya ya mzazi ndiyo ya mwanzo kuhakikishwa. Kwa hivyo tumeona tulieleze jambo hili hatua kwa hatua.

Dawa hizi ni zipi na zinafanya kazi gani?

Kolesteroli, ambayo wengine huiita lehemu, ni aina ya mafuta ambayo mwili wenyewe huyatengeneza, zaidi katika ini. Mwili unaihitaji. Tatizo linakuja inapozidi katika damu, hasa ile aina inayoitwa LDL, kwani huganda kidogo kidogo katika kuta za mishipa mpaka njia ya damu ikawa nyembamba. Mshipa wa moyo ukiziba, mtu hupata mshtuko wa moyo. Mshipa wa ubongo ukiziba, hupata kiharusi.

Dawa zinazotumika zaidi kuipunguza zinaitwa statini. Katika boksi utaona majina kama simvastatini, atorvastatini au rosuvastatini. Asili yake ni ukungu: mwanasayansi wa Japani, Akira Endo, ndiye aliyegundua dawa ya mwanzo ya aina hii katika miaka ya 1970, na mwaka 1987 statini ya mwanzo ikaruhusiwa kutumika Marekani. Kwa hiyo ni dawa zilizokwisha kutumiwa na mamilioni ya watu kwa zaidi ya miaka 35.

Hofu hii imetoka wapi?

Imetoka sehemu mbili, na zote zina msingi.

Ya kwanza ni kwamba ubongo umejaa kolesteroli. Uzito wa ubongo ni kama asilimia 2 tu ya mwili, lakini ndani yake mna karibu robo ya kolesteroli yote ya mwili. Basi mtu akisikia hivyo husema: dawa inayopunguza kolesteroli bila ya shaka itaukausha ubongo. Lakini ubongo haupati kolesteroli yake kutoka katika damu. Unajitengenezea wenyewe, na kati yake na damu upo ukuta madhubuti unaozuia kolesteroli ya damu isipite. Kipimo cha damu kikishuka, haina maana kwamba akiba ya ubongo imeshuka.

Ya pili ni tangazo la mwaka 2012. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitaka karatasi za statini ziandikwe kwamba baadhi ya watumiaji wameripoti kusahau au kuchanganyikiwa. Hilo ni kweli, na ndilo linalosambazwa. Lakini sehemu ya pili ya maelezo hayo haisambazwi: kwamba kwa kawaida hali hiyo haikuwa nzito, na iliondoka dawa iliposimamishwa, mara nyingi ndani ya wiki chache. Haikusemwa kwamba dawa hizi zinaleta ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu wa uzeeni.

Utafiti umeonesha nini?

Ripoti ya mtu mmoja mmoja haitoshi, kwani wanaotumia dawa hizi wengi wao ni watu wazima, na umri huohuo ndio ambao usahaulifu huanza. Njia ya kujua ni kuwachukua watu wengi, nusu wapewe dawa na nusu wapewe kidonge kisicho na dawa, kisha wafuatiliwe.

Hilo limefanyika. Uingereza walifuatiliwa watu 20,536 kwa miaka kama mitano, nusu yao wakitumia simvastatini, na matokeo yakatolewa mwaka 2002. Walipopimwa akili mwishoni, makundi mawili yalikuwa sawa. Mwaka huohuo ulitoka utafiti mwengine wa Uskochi, Ireland na Uholanzi, wa wazee 5,804 wenye umri wa miaka 70 hadi 82 waliotumia pravastatini au kidonge kitupu. Kumbukumbu za makundi yote mawili zilishuka kwa kiasi kilekile, kama inavyotokea kwa umri.

Mwaka 2019 watafiti wa Sydney, Australia, walitoa matokeo ya wazee 1,037 wa miaka 70 hadi 90 waliofuatiliwa kwa miaka sita. Wanaotumia statini hawakusahau kwa kasi zaidi kuliko wasiotumia.

Upo pia utafiti wa London wa mwaka 2020 ambao una funzo kubwa. Walichukuliwa watu 60 walioacha statini kwa sababu ya madhara waliyoyahisi. Kwa mwaka mzima, miezi mingine walipewa statini, miezi mingine kidonge kitupu, na miezi mingine hawakupewa chochote. Ikaonekana kwamba karibu asilimia 90 ya usumbufu waliouhisi wakitumia statini waliuhisi pia wakitumia kidonge kitupu. Hawakuwa waongo, maumivu yalikuwa ya kweli. Lakini sehemu kubwa ilitokana na kutarajia madhara. Ujumbe wa kutisha tunaousambaza bila ya kuuhakikisha unaweza wenyewe kumtia mtu ugonjwa.

Upande wa pili wa jambo hili

Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet liliongeza LDL nyingi katika umri wa kati kuwa miongoni mwa mambo 14 yanayoongeza hatari ya mtu kupoteza kumbukumbu uzeeni. Na viharusi, hata vile vidogo visivyoonekana kwa nje, huuharibu ubongo na kupunguza akili. Kwa hiyo anayeacha dawa ili aulinde ubongo huenda akawa anauweka katika hatari.

Hata hivyo tusizidishe. Statini si dawa ya kumbukumbu. Mzee akianza kuitumia uzeeni, haijathibiti kwamba itamzuia kupata ugonjwa wa kusahau. Kazi yake ni kulinda mishipa ya moyo na ubongo, na kazi hiyo inatosha.

Basi mzee anasahau kwa nini?

Hapa ndipo familia nyingi zinapokosea. Wakishaitupia lawama dawa ya kolesteroli, huacha kutafuta sababu nyengine, na nyingi katika hizo zinatibika:

- Upungufu wa vitamini B12, hasa kwa mgonjwa wa sukari aliyetumia metformini kwa miaka mingi.
- Tezi ya shingo kufanya kazi kidogo kuliko kawaida.
- Sukari kushuka, au presha isiyodhibitiwa.
- Dawa zinazoleta usingizi, zikiwemo baadhi ya dawa za mafua na za mzio ambazo wengi hununua dukani bila ya cheti.
- Huzuni na upweke, hasa baada ya kufiwa na mke au mume.
- Kutosikia vizuri. Mzee hakusahau ulichomwambia, hakukisikia.
- Maambukizi ya mkojo au upungufu wa maji, ambayo kwa mzee huleta kuchanganyikiwa kwa ghafla.

Tupambanue pia baina ya kusahau na kusahau. Mtu kusahau alipoweka miwani ni jambo la kawaida. Lakini mtu kupotea njia ya msikiti anaousali kwa miaka 40, au kuuliza jambo lilelile mara tano kwa saa moja, ni dalili ya kupelekwa hospitali. Na mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakikwama kwa ghafla, hicho ni kiharusi: apelekwe hospitali hapohapo, asisubiri asubuhi.

Tufanye nini?

Kwanza, tusimwachishe dawa wenyewe. Tuandike lini dawa ilianza na lini usahaulifu ulianza. Ikiwa alianza kusahau kabla ya dawa, jibu limeshajulikana.

Pili, tubebe dawa zote anazotumia, pamoja na za kienyeji, habasoda na nyenginezo, tumwoneshe daktari. Baadhi ya dawa, kama klarithromaisini, huipandisha statini katika damu. Vilevile balungi: anayetumia simvastatini au atorvastatini amuulize daktari kabla ya kulila kwa wingi.

Tatu, daktari akiona ipo haja, yeye mwenyewe anaweza kuisimamisha dawa kwa muda na kuangalia, kupunguza kipimo, au kubadilisha aina. Hilo lifanywe kwa usimamizi wake.

Nne, tuyajue madhara yanayohitaji kuangaliwa: maumivu makali ya misuli pamoja na mkojo wa rangi nzito ni sababu ya kwenda hospitali haraka. Sukari nayo inaweza kupanda kidogo, basi ipimwe. Na mwanamke mwenye mimba au anayenyonyesha amweleze daktari mapema.

Kuhusu ibada

Dawa hizi kwa kawaida ni kidonge kimoja kwa siku, hivyo hazigongani na funga. Mtu anaweza kukimeza baada ya kufuturu au wakati wa daku. Simvastatini inafaa zaidi usiku. Hakuna haja ya kuziacha kwa sababu ya Ramadhani.

Na mzee anayetia shaka idadi ya rakaa asivunjike moyo. Ajengee idadi ndogo aliyo na yakini nayo, akamilishe, kisha asujudu sijda ya kusahau. Walio karibu naye wamsalie pembeni na wamkumbushe kwa upole, bila ya kumfokea wala kumcheka mbele ya wajukuu.

Kujitibu kumeruhusiwa na kuhimizwa katika dini yetu, wala hakupingani na kumtegemea Allaah. Tunamuomba Allaah Awaponye wagonjwa wetu, Awahifadhie wazee wetu akili na viungo vyao, na Atujaalie kuwa wenye kuwatendea wema.

Wa Allaahu a'lam.