SHINGO NA MKONO VINAPOUMA KAZINI: FAIDA YA KUVUTA MPIRA



Karatasi hii inawahusu hasa ninyi mnaoshona, mnaosuka nywele, mnaoponda kokoto, mnaoandika orodha na mnaobeba mizigo. Ukimaliza kuisoma, msomee na jirani asiyejua kusoma, maana shingo haimchagui aliyepita shuleni.

Niliandika haya baada ya kutumwa Bujumbura kuwatembelea wakimbizi wenzetu wanaofanya kazi mtaani Buyenzi. Anayeujua mtaa ule anajua ulivyo: huku mafundi wa magari, huku vyuma vinachomelewa, na barazani cherehani zimepangwa bega kwa bega. Hapo nilimkuta mama mmoja wa kwetu, kutoka upande wa Uvira, anashona sare za shule. Katika muda mfupi niliokaa naye alisimama mara tatu akaukung'uta mkono wa kuume.

Nikamwuliza, "Mama, mkono una nini?"

Akanijibu, "Mwanangu, mkono huu hauna usiku. Unaanzia huku shingoni, unashuka begani mpaka kwenye kiwiko. Hata kikombe cha chai nakishika kwa mikono miwili."

Alikuwa amekwisha kununua vidonge vya diklofenaki kimoja kimoja barabarani, akavimeza miezi miwili, na sasa tumbo linamwaka moto. Jirani alimwambia ametupiwa kitu, akalipa pesa za kutolewa hicho kitu pia. Na mwenye cherehani amemwambia kwamba asipomaliza sare 40 kabla shule hazijafunguliwa, kiti hicho atapewa mwingine. Ana watoto wanne. Nilirudi kambini na habari yake kichwani, na nikaona nisipoiandika nitakuwa nimekwenda bure.

Maumivu haya yanatoka wapi?

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 mpaka 5, karibu sawa na dumu la lita 5 lililojaa maji. Ukisimama wima, mifupa ya shingo ndiyo inayokibeba. Ukiinama juu ya kitambaa, au juu ya nywele za mtu, mifupa haikibebi tena sawasawa, na nyama za kisogoni ndizo zinazokishikilia kisianguke mbele. Kuna msuli mmoja mpana unaoanzia nyuma ya kichwa, unapita shingoni, unatanda mabegani na kushuka mpaka katikati ya mgongo. Ndio huo ambao ukiubonyeza kwa kidole jioni unaruka kwa maumivu.

Wengi tunadhani msuli unaumizwa na kazi nzito tu. Mbona basi karani anayeinua kalamu na karatasi anaumwa kuliko mpagazi? Mwaka 1991 mtaalamu mmoja wa Sweden, Göran Hägg, alitoa maelezo ambayo wenzake wengi wanayatumia mpaka leo. Alisema ndani ya msuli kuna nyuzi ndogo ambazo ndizo za kwanza kuitwa kazini na za mwisho kuruhusiwa kupumzika. Kazi ikiwa ndogo lakini haikatiki, nyuzi hizo hizo zinafanya kazi tangu asubuhi mpaka jioni, na nyuzi nyingine kubwa zimekaa tu. Alizifananisha na yule binti wa hadithi anayeishi kwa mama wa kambo, anayeamka kabla ya wote na kulala baada ya wote. Mimi nilipousoma mfano huo niliwafikiria mabinti wengi ninaowajua.

Wazee wataniuliza: mbona bibi zetu walibeba mizigo kichwani maisha yao yote? Ni swali zuri. Mwaka 1986 Maloiy wa Nairobi na wenzake walitangaza uchunguzi walioufanya Kenya kwa wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani na wa Kikikuyu wanaobeba kwa mkanda wa kichwa. Waliona kwamba wanawake hao waliweza kubeba mzigo uliofika sehemu ya tano ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya mtu anayetembea mikono mitupu. Lakini angalieni: hao walizoea tangu utotoni, na uchunguzi ule ulipima nguvu iliyotumika, haukupima maumivu. Tena mwenye mzigo kichwani anatembea wima. Mshonaji hana mzigo kichwani, ila kichwa chenyewe kimekuwa mzigo, kwa sababu kinaning'inia mbele saa kumi kwa siku.

Kwa nini basi tuutie nguvu msuli ambao tayari umechoka?

Hapo ndipo watu wananicheka. Wanasema, "Kaka, mkono unauma, nawe unataka niuongezee kazi?" Nami nilisema hivyo hivyo siku ya kwanza, maana niliandika orodha za familia kwa mkono, daftari likiwa magotini, mpaka nikawa siwezi kugeuza shingo upande wa kushoto. Fikiri hivi. Watu wawili wamepewa ndoo ya kilo 20. Mmoja mwisho wa nguvu zake ni kilo 25, mwingine ni kilo 60. Ndoo ni ile ile, lakini wa kwanza anatumia karibu nguvu zake zote na wa pili anatumia sehemu ya tatu tu. Kuutia msuli nguvu ni kuifanya kazi ile ile iwe sehemu ndogo ya uwezo wako. Tena unapoinua kitu kizito kidogo kisha ukakishusha, zile nyuzi kubwa zilizokuwa zimekaa zinaamshwa nazo, na damu inapita.

Haya hayakutungwa kambini. Huko Finland walichukua wanawake 180 wa kazi za ofisini waliokuwa na maumivu ya shingo ya muda mrefu, wakawafuata mwaka mzima, na mwaka 2003 wakatoa matokeo. Waliofanya mazoezi ya kutia shingo nguvu, wanawake 73 katika kila 100 walisema wamepona au wamepata nafuu kubwa. Walioachwa na mazoezi mepesi ya kujinyoosha, walikuwa 21 tu katika kila 100. Huko Denmark, mwaka 2011, wafanyakazi 198 waligawanywa makundi matatu kwa wiki 10. Kundi la kwanza walivuta mpira dakika 12 kwa siku, la pili dakika 2 tu, siku tano kwa wiki. La tatu walipelekewa maandishi ya afya kila wiki, kama haya unayoyasoma sasa. Makundi yote mawili ya mpira yalipata nafuu kuliko lile la maandishi, na wale wa dakika 2 hawakuachwa mbali sana na wale wa dakika 12. Kwa hiyo ndugu, ukiisoma karatasi hii ukaikunja na kuiweka chini ya godoro, umejiunga na kundi la tatu.

Kuna pia habari ya wachinjaji. Mwaka 2014 Wadenmark hao hao walieleza habari za wafanyakazi 66 wa machinjioni, watu wa kisu kutwa nzima, wenye maumivu ya bega, kiwiko na mkono. Waliofanya mazoezi ya nguvu dakika 10, mara tatu kwa wiki, walipungukiwa na maumivu kuliko waliofundishwa namna ya kukaa na kushika tu. Naitaja kwa sababu kazi yao inafanana na ya kwetu kuliko ile ya ofisini.

Unafanyaje?

Kifaa ni mpira wa ndani wa baiskeli, ule ule unaokatwa vipande vya kufungia mizigo. Ukate mrefu kiasi cha kimo chako, upana wa vidole viwili. Uvute kwanza uone kama hauna ufa, maana ukikatika utakupiga usoni.

Zoezi ambalo usiliache ni hili. Simama, kanyaga katikati ya mpira kwa miguu yote miwili, shika ncha moja kila mkono. Inua mikono pembeni, ikielekea mbele kidogo, viwiko vimekunjwa kidogo, mpaka mikono iwe sawa na mabega. Usipite mabega. Hesabu moja, mbili wakati wa kupanda, na moja, mbili, tatu wakati wa kushuka. Wengi wanainua vizuri halafu wanaiachia mikono ianguke. Hapo wamepoteza nusu ya faida. Endelea mpaka mabega yakuambie basi, au dakika mbili ziishe. Ukiona unaweza kufika mara 20 bila taabu, mpira ni mwepesi: ushike karibu na miguu, au ukunje mara mbili. Baada ya wiki chache uwe unachoka kwenye mara ya 10 au 12.

Ukipata nafasi, ongeza la kupandisha mabega. Shika dumu la lita 5 kila mkono, mikono ikining'inia, pandisha mabega kuelekea masikioni kama mtu anayesema "sijui", kisha yashushe polepole. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo huhitaji mizani. Anza na lita 2 ukipenda. Wenye maumivu ya kiwiko, hasa mnaoshika mkasi na nyundo, laza mkono juu ya meza au goti, kiganja kikitazama chini, shika chupa ndogo ya maji, na uinue ngumi kwa kifundo cha mkono peke yake. Chupa ya maji ikizoeleka, weka mchanga: ni mzito kuliko maji katika chupa ile ile. Na kwa shingo yenyewe, weka kiganja kwenye paji la uso, sukuma kichwa mbele na mkono ukatae, kichwa kisisogee, uhesabu mpaka tano. Halafu nyuma, halafu kila upande. Usiizungushe shingo kwa nguvu mpaka ilie, kama wanavyofanya vinyozi.

Wiki ya kwanza na ya pili utasikia nyama zinauma zaidi. Hiyo ni kawaida ya mtu asiyezoea, kama siku ya kwanza ya kulima. Kipimo ni hiki: maumivu ya mazoezi yawe yamepungua kufika kesho yake. Yakibaki au yakizidi, punguza uzito, lakini usiache kabisa. Nafuu yenyewe haiji siku ya tatu. Wale wa Denmark walipewa wiki 10, nawe jipe hizo hizo.

Wakati gani usifanye mazoezi, uende zahanati?

Hapa nakuomba usome taratibu. Shingo ikikakamaa pamoja na homa na kichwa kikali, huo unaweza kuwa ugonjwa wa uti wa mgongo unaoua haraka. Mpeleke mgonjwa saa hiyo hiyo, hata usiku. Mkono ukiuma pamoja na kifua kubana, jasho na pumzi kukatika, ni moyo unaoshukiwa, si kazi. Ukianguka au ukipigwa, usiivute shingo yako wala usikubali mtu aivute. Vidole vikifa ganzi daima, ukianza kuangusha vitu, miguu ikipoteza nguvu au mkojo ukikutoka bila kujua, ni neva zinazobanwa. Na maumivu ya mgongo au shingo yanayokuja na kukonda, jasho la usiku na homa za jioni yapimwe kifua kikuu, maana ugonjwa huo unaingia mpaka kwenye mifupa.

Vidonge vya maumivu vina kazi yake, lakini diklofenaki na ibuprofeni zikimezwa muda mrefu bila mganga zinatoboa tumbo na kuharibu figo, na mwenye mimba asizimeze bila kuuliza. Ukiona choo cheusi kama lami, acha dawa uende zahanati.

Neno kwa wasimamizi wa vikundi vya kushona na vya ufundi. Nyanyueni viti kwa ubao, wekeni cherehani mahali mwanga unapotoka mbele, na mruhusu watu wasimame kidogo kila nusu saa. Nimewasikia wakisema muda hautoshi. Dakika mbili mara tano ni dakika 10 kwa wiki. Fundi asiyeweza kushika mkasi anakula siku nzima, na kumfundisha mwingine kunakula miezi.

Mama wa Buyenzi nilimwachia mpira na nikamwonyesha mbele ya wenzake. Mwenye cherehani alitazama, akacheka, kisha akauomba aujaribu, kwa sababu naye bega linamsumbua. Vile vidonge ameviacha, na kwa tumbo lake alikubali kwenda kituo cha afya. Sare 40 hakuzimaliza peke yake. Wenzake wawili walimsaidia 11 za mwisho. Kiti bado ni chake.

Mwenye mpira wa baiskeli uliotoboka asiutupe. Auache kwenye ofisi ya wahamasishaji, tunaukata vipande na kuugawa. Anayetaka kuonyeshwa aje na nguo asiyoionea huruma.