Bushi za Gari la Mzigo: Zitazame Kabla Hazijala Tairi

Mkulima wa skimu ya makao ajua siku ya kupanda, siku ya kunyunyiza dawa na siku ya kuogesha ng'ombe. Lakini wengi hawaijui siku ya kutazama bushi za gari. Gari hupelekwa kwa fundi likianza kulia, na mara nyingi kulia kwake huwa kumechelewa: tairi mbili zimekwisha kuliwa upande mmoja, na fedha za mbolea zimegeuka fedha za tairi.

Katika makala haya tutakueleza bushi ni nini, utaijuaje iliyolika, na namna ya kuzibadilisha bushi za springi za nyuma wewe mwenyewe nyumbani, kwa kutumia zile za poliyurethani. Tutakuambia pia kazi ipi usiiguse.

KAZI YA BUSHI

Tazama chini ya pikapu yako. Kila mahali springi, shoki au mkono wa gurudumu unaposhikana na fremu kwa boliti, katikati pana kipande cha raba chenye umbo la mrija. Hiyo ndiyo bushi. Kazi yake ni mbili. Kwanza, huzuia chuma kisigongane na chuma. Pili, hulishika gurudumu mahali pake huku ikiliacha lipande na kushuka.

Fikiri safari ya mkulima wa Njabini, Kinangop, anayepeleka kabichi Nairobi. Nchi ya Kinangop iko juu zaidi ya mita 2,400. Nairobi iko karibu mita 1,700. Gari lenye mzigo hutoka katika njia mbovu za mashambani, hufika barabara kuu pale Flyover, halafu huteremka Limuru na Kikuyu mpaka kuingia mjini kwa upande wa magharibi, penye Kangemi na Westlands. Njiani dereva hukanyaga breki mara nyingi sana. Kila akanyagapo, bushi ndizo zinazozuia ekseli isisogee. Bushi iliyopasuka huiachia ekseli ikasogea kidogo upande mmoja, na gari huvuta kushoto au kulia. Katika mteremko, kati ya malori na matatu, kuvuta huko kwaweza kuleta msiba.

KWA NINI RABA HUFA MAPEMA

Raba huzeeka hata gari likisimama tu. Jua, hewa na mafuta huifanya iwe ngumu, ikapasuka. Kumbuka pia kwamba magari mengi yetu huletwa nchini yakiwa yamekwisha kutumika ng'ambo; sheria ya Kenya huyakubali mradi hayajatimiza miaka 8 tangu yaandikishwe mara ya kwanza. Basi gari uliloliona jipya sokoni huenda lilikuja na bushi zenye miaka saba. Ongeza mzigo wa viazi kupita kiasi na mashimo ya masika, na raba hiyo haidumu.

Poliyurethani ni kitu cha namna nyingine. Kilitengenezwa kwanza Ujerumani mwaka 1937 na Otto Bayer pamoja na wenzake. Huenda tayari unacho nyumbani: magodoro mengi ya sponji hufanywa kwa poliyurethani iliyotiwa hewa. Ile ya bushi haina hewa, nayo ni ngumu. Kwa kipimo cha ugumu kiitwacho Shore A, raba ya bushi kwa kawaida huwa kati ya 50 na 70; poliyurethani ya bushi huwa kati ya 70 na 95. Haiharibiwi upesi na mafuta ya injini kama raba, na huvumilia mzigo zaidi. Faida nyingine kwa mtu wa shamba ni kwamba mara nyingi huja vipande viwili, na huingizwa kwa mkono au kwa jiriwa ya mezani, bila mashine kubwa ya kukandamiza.

Lakini yafaa ujue na upande wake wa pili. Bei yake ni kubwa kuliko ya raba. Gari huwa gumu kidogo, na mtikisiko wa barabara husikika zaidi ndani. Ikiwekwa bila grisi, hulia kama mlango wenye kutu. Tena haifai kila mahali. Inafaa katika springi za nyuma, katika shakeli, katika macho ya shoki na katika ile fimbo ya kuzuia gari lisilale kwenye kona. Pale ambapo bushi hulazimika kujipinda pande nyingi kwa pamoja, na katika vishikizo vya injini, bakia na raba.

NAMNA YA KUIJUA BUSHI ILIYOLIKA

Huhitaji mashine. Fanya hivi:

Kwanza, sikiliza. Ukipita tuta polepole na kusikia mgongo wa chuma, "ko, ko", hiyo ni dalili.

Pili, tazama tairi. Tairi iliyolika ukingo mmoja tu yaonyesha kwamba gurudumu halikai sawasawa.

Tatu, zima injini, weka gia na kabari, kisha tia mtaimbo kati ya jicho la springi na fremu, ukunje taratibu. Kusogea kidogo si neno. Lakini ukiona boliti ikicheza ndani ya jicho, au raba imetoka nje kama ulimi, bushi hiyo imekwisha.

Usingoje mkaguzi akuambie. Magari ya biashara hukaguliwa kila mwaka chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, yaani NTSA, na gari lenye viungo vinavyocheza laweza kurudishwa.

KUNUNUA NAIROBI

Vipuri vingi huuzwa katikati ya mji, katika Kirinyaga Road na vichochoro vyake. Zamani barabara hiyo iliitwa Grogan Road, na watu wengi bado huita mtaa huo Grogan. Ukienda huko, usiende na maneno matupu. Chukua bushi ya zamani na boliti yake. Andika aina ya gari, mwaka wake na namba ya chesisi. Pima mambo matatu: upana wa jicho kwa ndani, unene wa boliti, na urefu wa bushi. Pikapu mbili za jina moja zaweza kuwa na bushi mbalimbali.

Utaonyeshwa bushi za bei ndogo sana zilizokatwa kutoka tairi kuukuu. Hizo huweza kukufikisha nyumbani, lakini usizitegemee kwa mzigo. Kumbuka pia kwamba rangi si dawa: bushi nyekundu au ya manjano si lazima iwe poliyurethani nzuri. Tazama kama ina jina la mtengenezaji, mrija wake wa chuma, grisi yake na karatasi ya maelezo. Dai risiti. Kenya ina sheria ya mwaka 2008 ya kupambana na bidhaa bandia, lakini mtu asiye na risiti ana ushahidi gani?

KAZI YENYEWE

Kazi tunayoieleza hapa ni ya springi za nyuma za mabamba, kama zile za pikapu nyingi. Jioni ya kuamkia siku ya kazi, mwagia boliti mafuta ya kulegeza kutu. Asubuhi tayarisha jeki mbili, stendi mbili za chuma, spana, nyundo, tindo, msumeno wa chuma, msasa na brashi ya waya.

1. Shusha mzigo wote. Simamisha gari mahali tambarare na pagumu. Kama ni udongo, weka ubao mnene chini ya jeki na chini ya kila stendi. Tia kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele.

2. Legeza nati kidogo kabla ya kuinua gari. Kisha inua, na usimamishe fremu juu ya stendi. Jeki ya pili iwe chini ya ekseli kuishikilia. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala lililowekwa juu ya mawe au matofali. Jiwe hupasuka bila kutoa habari. Watoto wawe mbali.

3. Fanya upande mmoja mpaka uishe, ndipo uende wa pili. Ukifungua pande zote mbili, ekseli itahama, na kuirudisha ni taabu.

4. Pandisha au shusha jeki ya ekseli mpaka springi isiwe inavutwa wala kukandamizwa. Hapo boliti itatoka kwa urahisi. Anza na shakeli, yaani kile kishikizo cha nyuma kinachocheza, kisha jicho la mbele.

5. Toa bushi ya zamani. Ile ya shakeli aghalabu hutoka kwa mkono. Ile ya jicho la mbele huenda ina ganda la chuma. Soma kwanza karatasi ya maelezo, kwa maana bushi nyingine hutaka ganda libaki. Kama lazima litoke, likate kwa ndani na msumeno, taratibu, bila kulitia jeraha jicho lenyewe, kisha likunje kwa tindo.

6. Usiichome kwa moto. Wengine hupenda njia hiyo kwa sababu ni ya haraka. Moshi wa raba ni mbaya kwa mapafu, na wa poliyurethani ni mbaya zaidi, kwa sababu una sumu ya sianidi. Tena moto huweza kuharibu ugumu wa chuma cha springi.

7. Safisha jicho mpaka ling'ae. Pitisha ukucha juu ya boliti: ukihisi mfereji, nunua boliti mpya. Bushi mpya juu ya boliti iliyolika ni fedha zilizotupwa.

8. Paka grisi iliyokuja na bushi, ndani na nje. Mara nyingi ni ya silikoni. Usiweke grisi yoyote uliyo nayo, kwa maana nyingine huondoka upesi na maji. Ingiza vipande viwili, halafu mrija wa chuma katikati. Mrija usiwe mfupi kuliko bushi, kwa sababu boliti inapaswa kuubana mrija, nayo bushi ibaki huru kuzunguka.

9. Rudisha boliti na nati mpya, ukaze kwa vidole tu. Shusha gari likae juu ya magurudumu yake, lisukume juu na chini mara kadhaa, ndipo ukaze kwa nguvu iliyoandikwa katika kitabu cha gari.

Shika sana hatua hii ya mwisho kama umechagua raba badala ya poliyurethani. Bushi ya raba imegandamana na vyuma vyake, nayo hufanya kazi kwa kujisokota. Ikikazwa gari likiwa limening'inia, hubaki imesokotwa kila wakati gari liko chini, na hupasuka kabla ya wakati. Bushi nyingi nzuri zimeuawa kwa njia hii, kisha lawama ikaenda kwa duka.

Baada ya wiki moja ya safari, kaza tena. Kila baada ya masika, osha matope na utazame. Ikianza kulia, ifungue uipake grisi.

KAZI USIYOIGUSA

Mikono ya magurudumu ya mbele mpe fundi. Springi ya koili iliyokandamizwa, na ile fimbo ya chuma inayosokotwa katika pikapu nyingine, zina nguvu ya kumvunja mtu mkono au kumwua. Upande wa magharibi wa Nairobi, mafundi wako Kangemi, Kawangware na Dagoretti Corner. Chagua mwenye mashine ya kukandamiza, simama naye, na umwombe akaze boliti gari likiwa chini. Kazi ya mbele ikiisha, gari lipimwe mlingano wa magurudumu siku hiyo hiyo. Usipofanya hivyo, tairi zitaendelea kulika.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Bushi ni ufa mdogo. Basi kabla ya mavuno yajayo, na kabla ya kupakia gunia la kwanza, chukua mtaimbo, uingie upande wa springi, uzitazame zote za kila upande: ya mbele, na za nyuma penye shakeli na shoki. Kazi hiyo haimalizi nusu saa, nayo haina gharama yoyote.