Miavuli ya Ugiriki na kandokando ya mito yetu

Wandugu wachimbaji, na nyinyi wamama munaobaki mukichunga nyumba: leo tunawapeleka mbali, mpaka ku bahari ya Ugiriki. Musicheke. Ni habari ya miavuli, ile mikubwa ya kukinga jua, lakini sisi wa sendika hapa Obokote tulipoizungumuza tuliona ni habari ya kare ya madini kabisa.

Kule Ugiriki kandokando ya bahari ni ya watu wote. Serikali inaweza tu kukodisha kipande cha muchanga kwa mwenye baa, aweke viti na miavuli, wageni wamulipe. Ubaya ulianzia pale. Mutu anakodi mita chache, kiisha anatandika miavuli mpaka macho yanapoishia. Mwenyeji akiteremuka na watoto kuoga, hapati hata pa kuweka kitambaa, labda alipe. Mwaka 2023 wakaaji wa kisiwa cha Paros walichoka. Walibeba mataulo yao, wakaenda kusimama ku muchanga na kudai nafasi, na ile harakati ikaitwa ya mataulo.

Serikali ilisikia. Mwaka 2024 ikatoka sheria: kati ya maji na mwavuli wa kwanza, mita 4 zibaki wazi. Nusu ya muchanga isikodishwe, na mu fasi zinazolindwa juu ya mazingira, asilimia 70. Fasi 198 zikakatazwa kabisa viti na miavuli ya biashara. Tena raia akapewa programu ya telefone ya kushitaki yule anayepita mipaka. Hii ya mwisho ndiyo ilitupendeza zaidi.

Wamoja watauliza: mwavuli unaharibu nini? Ni kitambaa na muti tu. Basi musikilize. Ku kisiwa cha Zakynthos kobe wa baharini wanapanda usiku kutaga mayai mu muchanga. Muti wa mwavuli unatoboa mayai, na viti vinafunga njia ya mama kobe. Hata kivuli kina neno lake: joto la muchanga ndilo linaamua kama mutoto wa kobe atakuwa dume ao jike, na muchanga wa baridi unazaa madume. Wafaransa walitangulia: sheria yao ya mwaka 1986 inalinda pwani, na tangu 2006 asilimia 80 ya muchanga wa asili haipaswi kuwekwa kitu cha biashara.

Sheria nzuri. Lakini sisi tunaojua mizani ya negosia tunauliza kwanza: mita inashikwa na nani, na inaanza kupima wapi?

Tutazame Tanzania. Sheria yao ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza kazi ya kudumu ndani ya mita 60 kutoka bahari, ziwa ao muto. Mwezi wa 12 mwaka 2015, Dar es Salaam, mashine zilipoingia bonde la muto Msimbazi, nyumba zilizowekwa alama nyekundu ya X zilikuwa za watu wadogo. Hatusemi walipaswa kubaki mu mafuriko. Tunasema mita ile ile ipimwe pia mbele ya lango la tajiri, na maskini aonyeshwe pa kwenda mbele ya kubomolewa.

Mutu wa Kindu ataelewa mbio. Lualaba inakata muji: Kasuku na Mikelenge upande huu, Alunguli ngambo, na daraja hakuna. Mitumbwi, balenieri, wamama wa samaki, wanaofua nguo, wote wako kandokando ile ile. Muuza-unite naye amekaa chini ya mwavuli wake mumoja. Siku mukubwa akiamuka na neno la usafi, nani anafukuzwa wa kwanza? Mwenye mwavuli mumoja.

Na ku madini ni vile vile. Majirani wetu wa Shabunda waliona dragi za zahabu ku muto Ulindi miaka ya 2014 na 2015, mashine zinazofyonza muchanga chini ya maji. Mukrezeri na karai yake anachafua maji, ndiyo, hatukatai. Lakini karai mia moja hazifikie dragi moja. Tangu sheria ya madini ya 2018 sisi tunalazimishwa kuingia mu koperative na kufanya kazi mu eneo tulilopewa tu. Sawa. Basi mwenye mashine naye aonyeshe karatasi yake, abaki ndani ya kare yake, asifyonze muto wote.

Sendika yetu inaomba mambo mawili. Ramani ya kila kare ibandikwe penye watu wanapita, si kufungiwa mu biro. Na siku ya kupima kandokando ya muto, kamba ya mita ishikwe na watu watatu: mutu wa koperative, mutu wa kijiji, na mama mumoja kati ya wale wanaoosha muchanga. Mama juu ya nini? Juu yeye ndiye anachota maji pale kila asubui, na anajua mwaka uliopita maji yalifika wapi.